Sababu ya Kuniua

Jumatatu, 5 Agosti

Habari kubwa. Bi Hester Lavelock anatafuta maiti.

Nimeipata dukani asubuhi, nimesimama nyuma yake nikisubiri stempu. Mama huyu amehamia hapa Nether Snedding tangu Pasaka, na kazi yake ni kuandika vitabu vya mauaji. Kila kitabu na kijiji chake. Anapanga nyumba, anakunywa chai na watu, anawazoea, kisha anawaua kwenye karatasi. Safari hii ni zamu yetu. Ametuomba ruhusa ya kutumia majina yetu ya kweli na hakuna aliyekataa. Hata Kasisi hakukataa.

Sasa akawa anamwambia Bi Tidd mwenye duka kwamba kitabu kiko tayari, kimebaki maiti tu. Na maiti wake si mtu wa hivi hivi, alisema. Lazima awe mtu ambaye kijiji kizima kina sababu ya kumuua. Sura ya kwanza atatusomea ukumbini Jumamosi ya wiki ijayo, halafu kitabu kinakwenda kuchapwa.

Bi Tidd hakufikiri hata kidogo. "Si Desmond Purkiss huyo? Unahangaika nini?" Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, lakini roho iliniuma.

Kitabu kilichopita kilikuwa cha Cobley, kijiji cha ng'ambo ya kilima. Maiti wao alikuwa fundi saa. Siku hizi watu wanatoka London kuja kupiga picha benchi alilokutwa ameketi na kisu mgongoni. Benchi lina kibao cha shaba chenye jina lake. Fundi mwenyewe yu hai, buheri wa afya, na kila Jumapili huketi hapo akitia saini vitabu vya wageni.

Mimi nimeishi Snedding zaidi ya miaka ishirini na bado ni mtu wa kuja. Bi Tidd ananiita Bwana Tripp. Jina langu ni Thripp. Kibao cha shaba hakiwezi kukosea.

Nimeamua. Maiti ni mimi.

Nimemweleza mke wangu Audrey wakati wa chakula. Akauliza kama nataka viazi zaidi, akarudi kwenye ufumaji wake.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefanya tathmini. Nani ana sababu ya kuniua? Nimewaza tangu kifungua kinywa mpaka saa ya chai. Jibu linavunja moyo. Hakuna mtu. Yupo Purkiss, ambaye tumegombania ua wa miti kati ya bustani zetu kwa miaka, lakini Purkiss ndiye mshindani wangu, hahesabiki.

Na yeye! Mwenyekiti wa baraza la kijiji. Amefunga njia ya kupita shambani. Amehamisha bata wa bwawani kwa sababu wanapiga kelele, kisha yeye mwenyewe anapiga kengele za kanisa mpaka madirisha yanatetemeka. Kila mwaka anashinda mashindano ya mboga kwa mung'unye lake, na kila mwaka anatoa hotuba. Watu wanamchukia bila yeye kutoka jasho. Kipaji cha kuzaliwa nacho.

Mimi itabidi nifanye bidii. Nimeanza leo, kwa foleni. Kwetu mtu anaweza kukosana na kanisa akasamehewa, lakini si foleni. Nimeingia dukani, nikampita Bi Oakshott, nikampita Bwana Finch aliyekuwa daktari wa mifugo, nikasimama mbele kabisa kwenye meza. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikajisemea, tayari, hapa kuna watu wawili wa kunipa sumu.

Bi Oakshott akasema, "Samahani, Bwana Tripp, nilikuwa nimekuzibia njia."

Nikarudi nyuma makusudi na kumkanyaga Bwana Finch kidole gumba. Akaniomba radhi kwa kukiweka pale.

Nimenunua stempu. Audrey ameniambia nilishanunua jana.

Alhamisi, 8 Agosti

Foleni ni jambo dogo. Nilikosea kuanzia chini. Nimehamia kwenye maua.

Maua ya kanisa ni ya Bi Oakshott. Yalikuwa ya mama yake kabla yake. Hakuna mtu anayeyagusa na hakuna anayeyatolea maoni. Nimemkuta madhabahuni anapanga, nikapiga moyo konde, nikamwambia hivi, maneno yenyewe: "Bi Oakshott, haya maua yamekaa kama malisho ya ng'ombe."

Akatulia na mkasi mkononi. Machozi yakamlenga machoni. Nikautazama ule mkasi kwa matumaini makubwa.

Akasema ni wema wangu kujali. Akasema tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyewahi kusema lolote kuhusu maua yake, baya wala zuri, na alikuwa ameanza kudhani hayaonekani. Na kweli, akasema, majani yamezidi. Akayapunguza mbele yangu.

Jioni nimekuta chupa ya jamu ya plamu mlangoni, imefungwa utepe. Niliona haya kidogo. Nikaila na mkate.

Purkiss leo amehamisha benchi la kumkumbuka marehemu Bi Hobday ili apate pa kuegesha gari lake. Watu wanne wameacha kumsalimia. Mambo yanamwendea tu.

Jumapili, 11 Agosti

Leo sikuwa na mzaha. Nyumba yetu imepakana na ukuta wa kanisa. Nikasubiri mpaka Kasisi Rosalind aanze mahubiri, dirisha la kanisa liko wazi kwa joto, nikawasha mashine ya kukata nyasi. Ile ya zamani, yenye kelele kama trekta. Nikaanza kukata ukanda wa chini ya dirisha. Nikamaliza, nikakata tena palepale.

Kasisi akatoka. Na joho lake, na Biblia mkononi, akapita kwenye lango mpaka bustanini kwangu. Nilikuwa nimeandaa jibu la ufedhuli. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu juzi.

Akaniuliza kama napata usingizi.

Nikashindwa kulikumbuka jibu. Akanishika mkono, mafuta ya mashine na yote, akasema Mungu hana shida na nyasi. Nyuma yake waumini walikuwa wamejaa mlangoni wakinitazama, vichwa wameviinamisha upande. Bwana Finch akanipungia mkono polepole, namna mtu anavyoipungia meli inayoondoka.

Sikuipenda ile namna.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi, pai ya nyama na viazi mlangoni. Saa nne, pai nyingine. Kabla ya chakula cha mchana, kuku mzima kwenye sufuria, na kikaratasi cha kutuombea nguvu. Nikamuuliza Audrey kulikoni. Akasema tuanze na kuku, pai zitakaa.

Nikaenda dukani. Bi Tidd akashusha sauti, na Bi Tidd hajawahi kushusha sauti hata msibani. Nikamzungukazunguka mpaka akasema. Kumbe kijiji kimekaa, kikajadili, kikafikia uamuzi. Mtu kama mimi, mpole miaka yote, ghafla anavuruga foleni, anamtukana Bi Oakshott, anakata nyasi wakati wa mahubiri. Haiwezekani ikawa tabia. Ni ugonjwa, tena ule mbaya. Hawakutaka kunisumbua, wakamuuliza Audrey alipokuwa kwa msusi.

Naye aliwajibu nini? "Kwa kweli sipendi kulizungumzia."

Kwetu maneno hayo ni sawa na kupimiwa jeneza.

Nimerudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia Audrey ameniharibia kila kitu. Akasema kasema kweli, hapendi kunizungumzia, kwa msusi huwa anaenda kupumzika. Akaongeza kwamba hajapika leo, kesho hapiki, na kwa jinsi anavyoona hizo sufuria, hatapika mpaka wiki iishe. Sijamwona na furaha kiasi hiki tangu tuezeke paa upya.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekwenda kukanusha. Nikasimama katikati ya duka nikatangaza kwamba sina ugonjwa wowote, niko mzima wa afya.

Bi Tidd akasema, "Jikaze hivyohivyo, Bwana Tripp. Mwanamume ndiyo hivyo." Mtu mmoja akapenga kamasi. Foleni ikagawanyika katikati kunipa njia. Sasa hata nikitaka kuivuruga siwezi, inafunguka yenyewe.

Jioni amekuja Purkiss. Amebeba mung'unye lake, lile lenyewe la mashindano, amelipakata kama mtoto mchanga. Akaliweka mezani. Akavua kofia. Sikujua kwamba Purkiss ana upara.

Akaongea kwa sauti ya chini. Akasema amekuwa jirani mbaya. "Ule ua, Lionel, ni wako. Mpaka uko upande wangu kabisa. Nimejua siku zote." Akasema nikate nitakavyo, au nisikate.

Ugomvi ule ndio pekee niliokuwa nao kijijini, na ameuchukua na kuondoka nao, ameniachia mboga.

Alhamisi, 15 Agosti

Lakini sikukata tamaa. Milango mingine inafunguliwa na adui mwenyewe.

Chama cha Wanawake wameniomba niwe mwamuzi wa shindano la jamu. Heshima hii hapewi mtu wa kuja. Naelewa kwamba wamenionea huruma, wakidhani mwakani sitakuwepo. Sawa. Nikaona hapa ndipo pa kumalizia kazi. Bi Lavelock mwenyewe atakuwepo, na kila mwanamke wa Snedding ana jamu yake, na jamu ni heshima ya nyumba. Niliwahi kusikia habari za dada wawili hapa waliokaa bila kusemeshana kwa sababu ya nafasi ya pili.

Nimeonja zote, chupa kwa chupa, uso mkavu. Nikaweka kijiko chini. Nikasema hakuna mshindi. Nikasema hakuna wa pili wala wa tatu, na kwamba katika jamu zote hizi hakuna ambayo hata panya angeimaliza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri sana. Nilihesabu moyoni nyuso za watu wanaoweza kuniua: ukumbi mzima.

Halafu Bi Oakshott akaanza kupiga makofi. Mwingine akafuata. Wakasimama wote. Nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Ni zile dawa, mwenzangu. Huondoa ladha yote mdomoni. Baba yangu alikuwa hivyohivyo mwishoni." Mwenzake akafuta macho kwa kitambaa cha meza.

Wamenipa shada la maua. Majani yamezidi, lakini nimenyamaza. Bi Lavelock alikuwa nyuma kabisa, ananitazama, amevua miwani.

Ijumaa, 16 Agosti

Siku imebaki moja. Nimeacha ujanja, nimekwenda mwenyewe. Nimemkuta Bi Lavelock bustanini kwake, nikamwambia wazi kwamba nataka kufa kitabuni.

Akaweka kikombe chini. Akasema nisijitie wasiwasi, nimeshawekwa.

Nikamuuliza nimewekwa wapi.

"Sentensi ya kwanza kabisa, Bwana Thripp."

Kama maiti? nikauliza. Kama maiti, akasema. Maiti wa kwanza wa kitabu kizima. Na alitamka jina langu vizuri, mpaka herufi ya mwisho. Karibu nilie.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Njiani nimekutana na Purkiss, nikampigapiga begani na kumwambia asivunjike moyo, kushindwa ni sehemu ya maisha. Akanipa pole. Nimemwambia Audrey. Akasema anajua, halafu akawa mwekundu usoni, akaenda kuangalia tanuri ambamo hapakuwa na kitu.

Mchana mzima nimetafuta mahali pa kibao. Langoni, upande wa barabara, usawa wa macho. Nimepiga msumari kabisa. Suti nimeipiga pasi.

Jumamosi, 17 Agosti

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nimekaa mstari wa mbele, nimekunja nne. Purkiss amekaa kulia kwangu, Audrey kushoto, anafuma.

Bi Lavelock akavaa miwani, akasoma. Nanukuu, maana sitasahau: "Lionel Thripp alifariki Jumanne, kitandani mwake, kwa maradhi ya kifua. Hakuna aliyeshangaa."

Nikatabasamu. Najua vitabu hivi. Kifua, hawajui kwamba ni sumu. Nikasubiri daktari anuse kikombe. Daktari akaja, akasema ni kifua. Nikasubiri Kasisi aone alama shingoni. Kasisi akaja, akasema amelala kama mtoto. Ukurasa ukafunuliwa. Nikasubiri angalau paka afe baada ya kulamba maziwa yangu. Paka akanenepa.

Kisha ikaja habari ya maziko. Mjane anaomba nizikwe uani kwa kanisa, penye kivuli, karibu na ukuta wa bustani yetu. Desmond Purkiss, mwenyekiti wa baraza, anakataa. Makaburi yale ni ya waliozaliwa Snedding, anasema, na marehemu alikuwa mtu wa kuja. Analisema hilo kwenye chai ya msiba, mbele ya mjane, mdomo umejaa mkate wa mayai. Ukumbi ukaguna. Bi Oakshott akasema "Mshenzi" kwa sauti, na yule mama ni mtu wa kanisani kila wiki.

Na asubuhi yake Purkiss anakutwa chini ya kamba za kengele, ana sindano ya kufumia shingoni.

Makofi yalikaribia kung'oa paa. Purkiss akasimama, akainama mbele ya watu. Akainama tena upande wa dirishani. Bwana Finch akamuuliza kama ataweka kibao, akasema ndiyo, kikubwa.

Mimi watu walinijia mmoja mmoja kunisifia nilivyokufa. Kwa utulivu, walisema. Bi Oakshott alisema angependa na yeye apate kifo kama changu. Kasisi alisema ni kifo kizuri sana, hakimsumbui mtu.

Nikamfuata Bi Lavelock kwenye birika la chai. Nikamuuliza kama chanzo cha kifo kinaweza kuchunguzwa upya. Akanishika mkono. Akasema mwanzoni alinipangia makubwa: jirani mkimya, ana ugomvi wa ua, amekaa miaka mingi na kinyongo. Alikuwa anapima, mimi au Purkiss, na alikuwa ananielekea mimi, kisu jikoni. "Lakini kwa hali yako ilivyo, Bwana Thripp, ningewezaje? Si ubinadamu."

Nikamwambia siumwi. Akaniongezea sukari.

Jumapili, 18 Agosti

Sikwenda kanisani. Wametuma keki.

Baada ya chakula Audrey akasema ana jambo la kuniambia, kwani nitalikuta tu kitabuni. Muuaji ni yeye.

Bi Lavelock alimwomba ruhusa mapema, maana maiti unaweza kumpachika tu, lakini muuaji ni lazima umuulize. Audrey akakubali kwa sharti moja, kwamba sababu ya kuua ataichagua mwenyewe. Na alichagua ile ya kaburi. Alimwambia Bi Lavelock kwamba yeye ni mtu wa kuvumilia mengi na ameyavumilia, lakini mtu akimnyima mumewe mahali pa kulala katika kijiji alichokipenda namna hii kikakataa kumpenda, hapo hatavumilia. Alisema hayo akiangalia mishono. Sauti ilimkwama kidogo, nadhani ni makombo ya keki.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa na sitaki kuficha, limenichoma. Miaka yote hii ya ndoa. Mke wangu mwenyewe. Ana sindano, ana nguvu, ana mimi nimelala pale pembeni yake sina habari. Anainuka, ananiruka, anatoka nje na baridi yote ile, anakwenda kumuua Purkiss! Mtu baki!

Nimemwambia hivyohivyo. Nimemwambia mume ndiye wa kwanza kufikiriwa. Hakujibu, kwa hiyo nadhani amekubali.

Lakini kitabu hakiendi kuchapwa mpaka mwisho wa wiki, na mwandishi ni mtu wa kusikiliza hoja. Kinachotakiwa ni Audrey awe na sababu. Nimemtangazia wakati wa chai kwamba kuanzia kesho nitaanza kumpa, na nikamwomba anishauri nianzie wapi, kwani mimi kama mume sioni pa kushika.

Akaweka ufumaji mapajani. Akasema nisijisumbue, sababu anazo, tena za siku nyingi.

Ananifariji tu. Kama anazo, mbona nimekufa kwa kifua?